Majina Tuliyoyaita Mlimani

Espérance, binti aliyekalia kiti changu, hajaniacha nipumzike tangu nilipostaafu. Kila tukikutana sokoni ananishika mkono. "Mama Mwajuma, utuandikie basi sisi tuliobaki. Wazazi wakija kwa wingi tutafanyaje?" Mara ya kwanza nilimjibu kwamba kazi ile haitaki maandiko, inataka macho na masikio. Mara ya pili nilisema nitaona. Leo mvua inanyesha tangu alfajiri, magoti yamekataa kutoka nje, na birika la chai liko karibu. Basi, naandika.

Kazi yangu yote niliifanya katika kituo kimoja cha vijana hapa Uvira, kando ya ziwa. Nilifanya mengi pale, kuazimisha mipira, kufukuza mbuzi wa jirani, kugombana na fundi wa bati. Lakini kazi yenyewe, ile watu waliyonijulia, ilikuwa kuandikisha vijana kwa safari ya mlimani na kupokea malipo yao. Walikuja wa makanisa yote na wa misikiti pia. Mimi ni wa familia za Waislamu wa hapa mjini, wale ambao mababu zao walikuja na biashara ya ziwani na hawakurudi tena walikotoka, na sikuwahi kuulizwa na mzazi yeyote ninasali wapi. Waliniuliza tu kama nauli ya basi imo ndani ya malipo.

Jengo letu lilikuwa zamani ghala la chumvi na samaki wakavu. Chumvi ilikuwa imeingia ukutani, ikabaki. Siku mvua inapokaribia, kuta zilitoa jasho, na ukiegemea unatoka na mgongo mweupe. Siku yangu ya kwanza nilifika mapema, nikakaa peke yangu kwenye benchi, nikasikia maji yakigonga chini ya sakafu. Ziwa wakati ule lilikuwa mbali, mwendo wa kuita mtu na asisikie. Nilipomwuliza katibu, Papa Anzuruni, maji yale yanatoka wapi, aliendelea kufungua makufuli yake.

"Utayazoea," alisema.

Sikuyazoea, ila niliacha kuuliza.

Papa Anzuruni ndiye aliyenifundisha kazi. Alikuwa mtu mrefu, mkimya, mwenye koti moja la kijivu alilolivaa hata kwenye joto la kiangazi. Meza yake ilikuwa na vitu vichache: sanduku la mbao la kuwekea pesa, muhuri, kidau cha wino alichokifunika kwa mfuniko wa sufuria kwa sababu ya sisimizi, na kitambaa safi cha kufutia dola. Dola aliziangalia kama daktari anavyoangalia ulimi. Ninyi mnajua, noti iliyochanika hata upana wa ukucha, hapa kwetu haina ndugu, hakuna atakayeipokea. Alizielekeza dirishani, akazipapasa pembe, na mbovu aliirudisha bila neno. Faranga aliipokea jinsi ilivyo, hata ikinuka samaki.

Alikaa daima akiwa ameligeuzia dirisha mgongo, ili mwanga uangukie uso wa anayezungumza naye. Fanyeni hivyo. Uso wa mzazi utakuambia kama pesa ile ni ya chakula cha nyumbani, na hapo utajua kumwambia alipe kidogo kidogo.

Lakini alikuwa na sharti moja lililowaudhi wengi. Hakuandika jina la kijana ambaye hakufika mwenyewe. Baba aweza kulipa yote, aweza kuja na barua ya padri au ya shehe, Papa Anzuruni angefunga kalamu. "Muzazi analeta pesa," alikuwa akisema, "mutoto analeta jina." Kijana alisimama mbele ya meza, akatamka jina lake kamili kwa mdomo wake, ndipo likaandikwa.

Na siku ya safari ilikuwa hivi. Kabla ya basi kuondoka, majina yaliitwa uani, kila mmoja akaitika, "Niko." Siku ya kurudi, hata kama wamelowa, hata kama wazazi wamejaa mlangoni wakilalamika, majina yaliitwa tena palepale uani, na kila mmoja akajibu, "Nimefika." Ndipo akaenda kwao. Nilikuwa kijana, niliona ni kupoteza muda. Nikamwambia, "Papa, si tunawaona kwa macho?"

"Macho yanahesabu miili," alijibu.

Akafuta muhuri wake, kisha akanisimulia kwamba mwaka mmoja, kabla sijaja, mvua iliwakuta wakishuka kwenye basi na kila mtu akakimbilia kwao bila kuitwa. Baada ya siku kadhaa mama mmoja alifika kituoni akimshika binti yake mkono. Binti alikuwa mzima. Alikula, alienda shule, alichota maji. Mama akasema, "Huyu muliyenirudishia hanisalimii." Papa Anzuruni alimsimamisha binti uani, akamwita jina lake. Akajibu, "Nimefika," akageuka, akamtazama mama yake kana kwamba ndiyo kwanza anamwona, akamwamkia.

Nilicheka kidogo, kwa adabu. Yeye hakucheka.

Alipofariki nilirithi sanduku, muhuri na sharti. Nililishika kwa heshima yake, si kwa kuliamini. Kazi ilibadilika. Simu zikaanza kuleta pesa, na mzazi aliye machimboni akaweza kumlipia mwanawe bila kuiona meza yangu. Simu ina mambo yake. Siku moja ujumbe wa malipo uliniingia kutoka kwa baba mmoja ambaye nilikuwa nimetoka kumzika, udongo ukiwa bado kwenye viatu vyangu. Nilikaa nikiitazama ile simu, mpaka ilipolia kwa namba ileile. Alikuwa mjane wake, anauliza kama pesa zimefika. Tangu hapo nawashauri: kwenye simu andikeni jina la aliyebonyeza, si la mwenye laini. Itawapunguzia mshituko.

Kisha ikaja miaka ambayo hatukwenda popote. Milimani kulikuwa na bunduki, na hakuna mzazi wa akili aliyeleta mtoto. Halafu ziwa likapanda. Ninyi mmeliona, sina haja ya kueleza. Lilifika kwenye mlango wetu, likaingia bila kubisha, na kwa muda nilipokelea watu kwenye chumba cha juu, kilichokuwa na popo. Kule mtaa wa Kavimvira nyumba zilibaki zimesimama ndani ya maji, nyingine tupu, na nyingine watu wamo, wameinua vitanda juu ya matofali.

Palipotulia kidogo, wazee wa kituo wakakubali safari irudi. Tungepita Sange kwa basi dogo, kisha kwa miguu hadi Lubarika, tulale kwenye shule, tupande mpaka kwenye maporomoko na kileleni, tushuke. Nilipobandika tangazo, uani palijaa kama sikukuu.

Miongoni mwa wa kwanza alikuwa msichana wa Kavimvira, Furaha Nabintu, ambaye wengi wenu mlinunua mandazi yake bila kumjua jina. Alikuwa na miaka kumi na sita. Alikuja na ndoo yake ya mandazi kichwani, akaitua, akafuta mikono, akatamka jina lake kwa sauti iliyokaza, kama mtu anayepiga msumari. Wengine hunong'ona mbele ya meza. Huyu sauti yake ilibaki chumbani hata alipoondoka.

Nikamwuliza kwa nini anataka kwenda, maana ni swali langu la kawaida.

"Kila asubuhi minye naangalia mulima toka chini," alisema. "Nataka niangalie ziwa toka juu. Nione kama maji inaanza kurudi."

Alilipa kwa vipande, noti ndogo ndogo zenye mafuta, kila Jumamosi, mpaka akamaliza. Kila alipokuja aliniuliza jambo moja la kule juu: kama kuna baridi, kama mtu anaweza kuona Burundi, kama njia ni pana. Mimi mwenyewe sikuwa nimepanda kwa muda mrefu, nikamjibu nilivyoweza. Mwaka ule ilibidi niende nao, kwa sababu wenyeji wa njiani walitaka kulipwa mkononi, na wabeba mizigo vilevile, na huko mtandao wa simu hakuna.

Siku moja kabla ya safari, mama yake alikuja. Upindo wa kitenge chake ulikuwa umelowa mpaka magotini, kama wote wa mtaa ule.

"Furaha iko na homa," alisema. "Hajasimama tangu juzi. Muuguzi amesema asitoke."

"Pole, Mama Furaha. Mwenyewe anasemaje?"

"Analia. Amesema nikuombe umungojee."

Safari haiwezi kumngojea mtu mmoja. Nilimrudishia pesa yote, maana pesa ya mtoto mgonjwa hairudi nusu, hilo nalo mlishike. Akaishika bila kuitazama, akashukuru, akaenda. Nafasi ile nikampa Aziza, mtoto wa mdogo wangu, aliyekuwa amechelewa kujiandikisha na kwa wiki nzima alikuwa amenuna nyumbani kwetu. Alikuja mbio, akatamka jina lake, nikaliandika. Jina la Furaha nikalikata kwa mstari.

Tuliondoka salama. Sitawachosha na njia, isipokuwa kwamba Sange wali ulikuwa mzuri na dereva alikuwa mtu wa kupiga honi hata kwa mawe. Lubarika walitupokea vizuri. Kiongozi wa vijana alikuwa Deo, mwalimu wa michezo, na wa kutuonyesha njia alikuwa Kashindi, kijana wa pale pale Lubarika ambaye familia yake inalima kwenye miteremko ile. Kashindi alikuwa wa maneno machache na alitembea kama anayechelewa.

Asubuhi tulivuka mto kwa daraja la magogo, tukapanda. Kileleni jua lilikuwa kali na ziwa lilionekana mbali kusini, limelala kama bati jipya. Vijana walipiga picha. Aziza alisimama pembeni, mkono juu ya macho.

"Unatafuta nini?"

"Furaha alinituma," alisema. "Nilipita kwao kumuaga. Alisema nimuangalilie nyumba yao. Lakini toka hapa Kavimvira haionekani, Mama mukubwa. Inaonekana maji tu."

Alasiri tukaanza kushuka. Hatukufika mbali, ukungu ukatoka bondeni. Haukuja kama mawingu yanavyokuja. Ulipanda taratibu kwa miguu yetu, ukafunika magoti, viuno, kisha vichwa, na mtu aliyekuwa mbele yangu akabaki rangi ya shati lake, halafu hata rangi ikaondoka. Jambo lililonitia hofu zaidi ni ukimya. Mto ulikuwa chini yetu, tuliusikia asubuhi ukinguruma, sasa haukusikika. Ndege nao wakanyamaza. Vijana walioimba njia nzima wakaacha, bila mtu kuwaambia.

Njia pale ni nyembamba, mlima upande mmoja na upande mwingine hakuna kitu. Deo akasema twende polepole, kila mtu ashike nguo ya aliye mbele, na mimi niite majina tujue tuko wote. Kashindi alikuwa wa mbele kabisa, na nyuma yake Aziza, kisha wengine. Mimi nilikuwa katikati. Karatasi ilikuwa ndani ya mfuko na nisingeweza kuisoma, nikaita kwa kichwa, kama walivyojiandikisha mmoja baada ya mwingine.

Niliita, wakaitika. Sauti zilinijia zimezibwa, kama watu wanaosema ndani ya blanketi. Niko. Niko. Niko. Na kwa kuwa ulimi ulikuwa umezoea mpangilio ule tangu uandikishaji, ulinitangulia.

"Furaha Nabintu," nikaita.

"Niko."

Ilikuwa sauti safi. Haikuzibwa na ukungu hata kidogo. Ilisikika kama siku ile mbele ya meza yangu, imekaza, kila herufi mahali pake. Na haikutoka kwenye mstari. Ilitoka mbele, chini kidogo, mbele ya Kashindi, mahali ambapo hapakuwa na mtu wetu.

Hakuna aliyecheka. Vijana wote walijua Furaha yuko kitandani kwao. Nilihisi mkono wa msichana aliyekuwa nyuma yangu ukikaza nguo yangu mpaka kola ikanibana shingo.

"Nani anacheza hivyo?" Deo aliuliza. Sauti yake ilikuwa ya kukemea.

"Mama Mwajuma," Kashindi akaita kutoka mbele, polepole. "Huyo mulimuita ni nani?"

"Ni msichana aliyebaki Uvira."

Kisha akasema, "Mukae chini. Wote. Mushike majani."

Tukakaa. Nilisikia fimbo yake ikigonga udongo, mara moja, mara nyingine, halafu haikugonga. Jiwe lilirushwa, nikasubiri kulisikia likianguka. Lilichelewa sana, na lilipoanguka, lilianguka majini.

Alirudi kwa kutambaa. Mvua ilikuwa imenyesha juu zaidi, upande tusiouona, mto ukajaa, ukachukua daraja na kipande cha mlima pamoja na njia yetu ya asubuhi. Alituambia hivyo kwa kifupi. Baadaye, tulipokuwa tumepata mahali pa kukaa, alinivuta pembeni. "Minye nilikuwa nimeinua muguu," alisema. "Ile sauti ilinisimamisha. Kama si ile, ningekwenda, na yule binti wako alikuwa ananishika shati."

Tulipanda tena kwa mikono na magoti, tukazunguka kwa njia ya mashamba mpaka kwenye nyumba za watu waliotupa moto na viazi. Aziza alikaa karibu nami na kila mara aligeuka kutazama nyuma, kama anayengoja mtu aliyechelewa.

Siku iliyofuata tulishukia upande mwingine, tukafika Nyakabere, na huko simu zikaamka. Yangu ililia kabla sijaitoa mfukoni. Alikuwa Mama Furaha.

"Mama Mwajuma," alisema bila salamu, "jana alasiri mulimuita mwanangu?"

Nilikaa juu ya jiwe la barabarani. "Nani amekuambia?"

"Aliitika. Alikuwa amelala, sisi tuko pale tunamukanda na maji. Akasema 'Niko', kwa nguvu, kama mutu anaitikia ku masomo. Nikamuuliza nani anakuita. Hakunijibu, na mupaka sasa hajanijibu. Anapumua, lakini mutu haiko."

Nilimwambia ninakuja. Ndani ya basi sikumwambia mtu, hata Deo. Mlango wa kituo ulikuwa umejaa wazazi waliokwisha kusikia habari za daraja, wanalia na kushukuru na kutaka watoto wao mara moja. Niliwaomba wasubiri. Niliita majina uani, yote, kutoka kwenye karatasi, kidole kikipita chini ya kila jina. Nimefika. Nimefika. Aziza alipojibu, mdogo wangu alimkumbatia, wakaketi chini palepale, na mimi nikatoka na mfuko wangu wa safari begani, nikapanda pikipiki mpaka Kavimvira.

Motari, dereva wa pikipiki ile, aliniacha pale barabara inapoingia majini. Kutoka hapo unatembea juu ya mbao zilizowekwa juu ya mawe, ubao mmoja hadi mwingine, na kila ubao una kilio chake. Nyumba nyingi za upande ule zilikuwa tupu, milango wazi, maji yakiingia na kutoka vyumbani kama wenye nyumba. Kwa Furaha kitanda kilikuwa juu ya matofali, chupa ya serumu na mrija wake ikining'inia kwenye msumari. Alikuwa amelala chali, macho nusu wazi, anatazama bati. Nilimgusa. Mwili haukuwa na moto. Miguu yake ilikuwa baridi, baridi ambayo hatuna hapa chini, baridi niliyotoka nayo kule juu.

"Homa ilitoka asubuhi," mama yake alisema. "Muuguzi amesema hajui kwa nini haamuki." Kisha akanitazama usoni, bila hasira. "Weye ulimuita, Mama Mwajuma. Weye utamurudisha."

Ningeweza kusema mengi. Kwamba ulikuwa ulimi tu. Kwamba mimi ni mpokea pesa. Lakini nilikuwa nimeisikia ile sauti, na nilijua kwamba vijana wote wa safari ile walikuwa wameulizwa uani kama wamefika, isipokuwa mmoja.

Nikasimama penye miguu ya kitanda. "Furaha," nikasema. Hakuna kitu. Nikaita tena, nikasikia mwenyewe kwamba ninaita kama watu wanavyoita wagonjwa, kwa huruma, kwa sauti ya chini. Mtu aliye mbali hawezi kusikia sauti hiyo. Nikajiweka sawa, nikaita kama ninavyoita uani siku ya kurudi, basi linapozima injini na wazazi wanapiga kelele.

"Furaha Nabintu."

Nje, ubao wa mbali ulilia. Kisha uliofuata. Kisha mwingine, karibu zaidi, kwa mwendo wa mtu aliyechoka, asiye na haraka. Mama Furaha alinishika mkono. Ubao wa mwisho, ule wa mlangoni, ulilia, na mlango ulikuwa wazi na mwanga wa alasiri ulikuwa mlangoni, na hapakuwa na mtu.

"Nimefika," Furaha akasema kitandani.

Alifumba macho, akayafumbua, akageuza shingo. Akamtazama mama yake, akamwamkia. Kisha akaomba maji ya kunywa, akayamaliza, akaomba tena. Mama yake alikaa kwenye ukingo wa kitanda akiwa ameshika kikombe kitupu, na machozi yalimtoka bila sauti. Mimi nilitoka nje kidogo. Mbao zilikuwa zimekauka juani, isipokuwa alama za matope mekundu ya milimani, ambayo sikuwa na hakika kama ni ya viatu vyangu. Sikuinama kuzipima.

Muuguzi alipokuja alisema ni dawa, na kwamba malaria ya kichwa huenda hivyo, inamwachia mtu ghafla. Sibishani naye. Ni mtu wa kazi yake na alimtibu vizuri. Kashindi alipopata habari alituma gunia la mihogo kwa Mama Furaha na ujumbe mmoja tu: wa kumshukuru binti kwa kuitika. Aziza alienda kulala kwao siku kadhaa, na walichozungumza hawakuniambia. Mimi niliendelea na kazi mpaka miguu iliponikataza. Niliita majina ya watu wengi baada ya hapo, kila mara karatasi mkononi.

Furaha alichukua majuma mengi kupata nguvu. Siku moja, asubuhi, nikiwa nimeligeuzia dirisha mgongo, aliingia. Alikuwa amekonda, kitambaa kipya kichwani, na ndoo ya mandazi akaitua mahali pake. Akafungua fundo la kitenge, akaweka noti mezani. Zilikuwa zilezile nilizomrudishia mama yake.

"Mama Mwajuma, nimekuja kulipa."

"Kulipa nini, binti yangu? Safari nyingine haijatangazwa."

"Ile ya mulima."

"Ile hukwenda. Tuliwarudishia pesa."

Hakubishana. Alinitazama tu, kwa adabu, kama mtu anayengoja mkubwa wake akumbuke jambo. Nikaangalia zile noti, nikayaangalia mafuta yake, nikajua ni pesa ya sabuni na unga kwao. Nikafikiri nimtafutie nafuu.

"Tuseme ulitukuta njiani," nilisema. "Lipa ya kwenda tu."

Furaha akasukuma noti zote mpaka upande wangu wa meza.

"Andika kwenda na kurudi, Mama," alisema. "Weye mwenyewe ulinipokea."